Deni la Jana na Uzee wa Kesho



Siku moja ya yenga, kisha ibada, kijana mmoja alinifuata chini ya mwembe wa parokia. Alisema: «Papa, niko na swali, lakini si swali la Biblia.» Nilimwambia akae.

Yeye ni kijana wa miaka 27, ana bibi na mtoto mmoja. Anatumika katika duka la dawa, anapata dola 180 kwa mwezi. Wakati bibi yake alipozaa kwa kupasuliwa, hospitali haikumwachilia mpaka feza zilipwe. Kijana akakimbia kwa mkopeshaji, mmoja wa wale ambao mjini tunawaita kwa mchezo «Banki Lambert», akatwaa dola 100 kwa faida ya dola 30 kila mwezi. Feza zilizopunguka, dola 200, alipewa na mama mdogo wake, anayeuzisha unga sokoni. Mama huyo hakuomba faida yoyote.

Sasa sikieni swali lake. «Papa, nilimuona baba yangu akizeeka pasipo kitu, akingoja sahani kutoka kwa watoto. Mimi sitaki kuzeeka vile. Kisha chakula, nyumba na sadaka, ninabaki na dola 60 kwa mwezi. Nataka kutoa 30 kwa mkopeshaji kusudi anyamaze, na 30 niweke kwa ajili ya uzee wangu. Mama mdogo atangoja, yeye ni mzazi. Je, ni vibaya?»

Sikumjibu siku ile. Swali lake liligusa kidonda changu cha zamani, na nitawaambia kidonda hicho ni nini. Lakini kwanza tufikiri pamoja, sababu vijana wengi wa kanisa wana swali hili ndani ya moyo na hawalisemi.

1. Watu wawili ambao hawako

Deni ni feza ya mtu wa jana, yule aliyetuamini na kutufungulia mkono. Akiba ya uzee ni feza ya mtu wa kesho, yule mzee ambaye mimi mwenyewe nitakuwa siku moja, mwenye magoti yasiyopanda tena ngazi. Siku ya mshahara, watu hawa wawili hawako. Aliyekuja kupokea ni mtu wa leo. Yeye ana sauti: anataka viatu, anataka simu mpya, anataka kuonekana katika arusi ya rafiki. Mara nyingi mtu wa leo anakula fungu la yule wa jana na fungu la yule wa kesho, kisha anasema: «Mshahara ni mdogo.» Ni kweli kwamba ni mdogo. Lakini hata mkate mdogo unakatwa.

Kijana wetu alishinda mtu wa leo, na kwa hilo ninamsifu. Lakini sasa yuko kati ya wale wawili wengine. Atangulize nani?

2. Wanaosema uzee si kazi yetu

Kuna ndugu wanaosema: kufikiri juu ya uzee ni kukosa imani, Mungu atatoa. Wanakumbusha mana ya jangwani, namna waliotunza kwa kesho waliikuta imeoza. Ni kweli, imeandikwa katika Kutoka 16. Lakini wasifunge Biblia mbio. Katika sura ile ile, siku ya sita watu waliambiwa waokote mara mbili, na fungu la pili halikuoza. Sababu gani? Sababu siku iliyofuata ilikuwa sabato, siku ya kupumzika, na siku ile hakuna aliyepata kitu shambani. Mungu ni mmoja, mana ni moja. Kutunza kwa choyo kulioza, kutunza kwa ajili ya siku ambayo mikono inapumzika hakukuoza. Na uzee ni nini, kama si sabato ya mikono? Anayekataa kuokota mara mbili siku ya sita hawezi kusema siku ya saba kwamba Mungu amemsahau.

Wengine wanasema: watoto wangu ndio pansio yangu. Neno hili ni tamu, na mtoto mwenye heshima hamwachi mzazi wake. Yesu mwenyewe alikemea watu waliosema feza ya kusaidia wazazi imekwisha kuwa sadaka (Marko 7). Lakini Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto barua ya pili, sura ya 12, anafundisha kwamba si kazi ya watoto kuwawekea wazazi akiba, ni kazi ya wazazi kuwawekea watoto. Mambo haya mawili hayapigani. Mtoto anapaswa kusaidia. Lakini mzazi anayepanga tangu ujana kuishi juu ya mgongo wa mtoto, huyo amekopa kwa mtoto ambaye hata hajazaliwa, pasipo kumwuliza. Halafu mtoto huyo atalipa masomo ya watoto wake na bukari ya baba yake kwa mshahara mmoja, naye atafika uzee mikono mitupu. Ndivyo umaskini unavyorithishwa kama jina.

3. Wanaosema akiba ni bure

Wazee kati yetu wana neno lingine, na neno lao si la upumbavu. Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi tumeiona ikioza. Mwisho wa mwaka 1979, siku ya Noeli, serikali iliondoa noti za zaire 5 na za zaire 10, na wengi waliokuwa na noti nyumbani walibaki na karatasi. Mwezi wa 10 mwaka 1993 ikatoka zaire mpya: 1 mpya kwa 3,000,000 za zamani. Katika mwaka 1994 bei zilipanda karibu mara 100. Mwaka 1998 ikatoka franga ya Kongo: 1 kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeanza kazi akiwa kijana na kutunza noti zake vizuri alifika uzee na sanduku la majani makavu. Kati ya mwaka 1990 na 1991 wengine waliikimbilia Bindo na michezo mingine ya Kinshasa iliyoahidi kuzaa feza mara nyingi kwa muda mfupi. Ilianguka, na wengi walipoteza hata nyumba walizokuwa wameuzisha kusudi waingie.

Basi watu walijifunza: kula leo. Lakini angalieni vizuri, wapendwa. Kilichooza ni karatasi, si akiba. Aliyekuwa na kiwanja chenye mpaka, aliyepanda michikichi, aliyejenga vyumba viwili vya kupangisha, huyo alivuka miaka ile. Somo la miaka ile ni kuchagua chombo cha kuwekea. Kwa mtu wa leo anayetaka kula yote, miaka ile ni kisingizio tu.

4. Hesabu ya mkopeshaji

Sasa turudi kwa kijana. Mpango wake ni kutoa 30 kwa mkopeshaji na kuweka 30. Tuhesabu miezi 9. Atakuwa ametoa dola 270 kwa mkopeshaji, na deni litabaki dola 100 zile zile, sababu alilipa faida tu, hakugusa mama ya deni. Atakuwa na dola 270 ndani ya sanduku, lakini anadaiwa 100 huku na 200 kwa mama mdogo. Ukitoa moja kwa nyingine, yuko chini kwa dola 30. Anafikiri anaweka akiba, na kweli anazunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Hakuna shamba wala nyumba wala banki inayozaa 30 juu ya 100 kila mwezi kwa njia ya haki. Kwa hiyo kila dola unayotoa kuua deni la namna hii inazaa kuliko dola yoyote utakayoweka. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la faida ya kila mwezi lina haraka kuliko yote. Kulilipa ndiko kuweka akiba.

Lakini sikusema alipe yote na kubaki na sifuri. Mtu anayelipa yote na kubaki mikono mitupu, homa ya kwanza ya mtoto itamrudisha mlango ule ule. Anahitaji kitu kidogo ndani ya nyumba, hata dola 5 kwa mwezi, kwa ajili ya siku ya homa. Na tena mkono unajifunza. Mtu asiyeweza kutenga dola 5 kutoka 180 hataweza kutenga 50 kutoka 500.

5. Deni lisilo na faida

Hapo hesabu inaisha, na hapo ndipo shida yenyewe inaanza. Mama mdogo haombi faida. Kwa hesabu peke yake, deni lake linaweza kungoja miaka 10 na kijana hapotezi kitu. «Yeye ni mzazi.» Hapa ndipo kidonda changu.

Mwanzo wa mwaka 1993 nilikuwa kijana kama yeye. Jirani yetu, Papa mmoja mzee, alikuwa ameacha kazi kisha miaka mingi, na alikuwa amepokea feza zake za mwisho wa kazi. Nilikopa kwake kiasi ambacho siku zile kiliweza kununua baiskeli. Hakuomba faida. Alisema tu: «Utanirudishia, mwanangu.» Mimi nilikuwa na mipango: nilinunua matofali kwa ajili ya nyumba yangu, nikawaza kesho yangu. Kila mara nilipomuona nilimsalimu kwa heshima, naye hakutaja neno, sababu mtu mzima anaona haya kudai kwa mtoto.

Mwisho wa mwaka 1994 nilimpelekea feza yake. Nilihesabu vizuri, zaire mpya 1 kwa 3,000,000 za zamani, sikupunguza hata moja. Mbele ya sheria nililipa. Feza ile siku ile haikupita bei ya kiberiti. Papa aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Nilirudi nyumbani kwangu, ndani ya kuta za matofali, na sikuweza kula.

Nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa nimejenga uzee wangu kwa matofali ya uzee wake. Deni lile halikuwa na faida, lakini lilikuwa pansio ya mtu. Alipodhoofika, alitafuta dawa kwa kuomba. Kisha miaka michache alikufa. Mwaka 2001 nilipopata feza, nilimpelekea mjane wake samani ya baiskeli, kwa dola. Mama alizipokea, akanyamaza, akasema neno moja: «Imefika, lakini mwenyewe hayuko.»

Wapendwa, ndiyo sababu ninasema: kabla hujauliza deni lina faida gani, uliza mwenye deni ana miaka mingapi. Mama mdogo wa kijana huyu ana miaka 61. Anainama juu ya mifuko ya unga tangu asubuhi. Zile dola 200 hazikuwa feza za kuchezea, zilikuwa siku zake za kupumzika. Kijana anayeweka 30 kwa uzee wa miaka 60 ijayo, huku mama anayezeeka mbele ya macho yake anangoja, hajaweka akiba yake. Ametunza ya mama yule kwa jina lake. Na neno «atangoja, ni mzazi» ni kusema: nitamlipa mwisho yule anayenipenda kuliko wote, sababu hatanipigia kelele. Tazameni namna tunavyowatendea watu: mkali tunamlipa mbio, mpole tunamfanya angoje. Zamiri inapaswa kukataa mpango huu.

6. Mjane wa nabii

Katika 2 Wafalme 4 tunasoma juu ya mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mume wake alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa akiacha deni, na mwenye deni alikuja kutwaa watoto wake wawili kuwa watumwa. Tuone kwanza hili: utakatifu wa baba haukufuta deni, na watoto ndio walioitwa kulipa.

Nabii Elisha hakumwambia mjane atoroke, wala hakumlaani mwenye deni. Alimuuliza ana nini ndani ya nyumba. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akamtuma kuazima vyombo kwa majirani, na mafuta yakajaa vyombo vyote. Kisha akampa maagizo matatu kwa utaratibu: auzishe mafuta, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni linatangulia. Lakini kinachobaki nacho kimo ndani ya agizo la nabii. Mungu hakufanya mwujiza unaotosha deni tu, akamwacha mjane na vyombo vitupu. Alifikiri juu ya jana yake na juu ya kesho yake katika siku moja. Na vyombo vile vilikuwa vya majirani. Mjane ambaye wote walimwazima alikuwa bila shaka mtu anayerudisha.

7. Jibu nililompa

Yenga iliyofuata nilimwita kijana na bibi yake, tukakaa na kalamu.

Miezi ya kwanza: kutoka dola 60, apeleke 45 kwa mkopeshaji, akubaliane naye mbele ya shahidi kwamba kila kinachozidi faida kinapunguza mama ya deni. Dola 10 ampelekee Mama mdogo mkononi, yeye mwenyewe, si kwa simu. Dola 5 ndani ya sanduku kwa ajili ya homa. Namna hii mwezi wa 5 mkopeshaji amekwisha. Tangu hapo dola 40 kwa Mama mdogo kila mwezi, na zinazobaki ndani ya sanduku. Mwezi wa 8 naye amemaliza. Mwisho wa mwezi wa 9 hana deni kwa mtu, na sanduku lina karibu dola 150. Linganisheni na mpango wa kwanza, uliomwacha chini ya sifuri kwa dola 30.

Kisha nilimwambia neno kubwa kuliko yote: siku deni linapoisha, zile dola 60 zisirudi kwa mtu wa leo. Mkono umekwisha kuzoea kuziacha. Sehemu iende kwa masomo ya mtoto, sehemu kwa uzee. Hata dola 10 tu kwa mwezi, toka miaka 27 mpaka 60, ni dola 3,960. Anayeanza miaka 45 anapata 1,800. Kijana ana mali moja ambayo tajiri mzee hawezi kununua: miaka.

Juu ya mahali pa kuweka, nilimpa mambo manne kwa ufupi. Kwanza, amuulize mkubwa wake kwa heshima kama jina lake limeandikwa katika Kasa ya Taifa, CNSS, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016 ilishika nafasi ya INSS ya mwaka 1961. Kwa ajili ya pansio, mtumishi anatoa 5 kwa mia ya mshahara na mwenye kazi anatoa 5. Mkubwa anayekata na asipeleke anaiba uzee wa mtu. Na ninyi ndugu zetu wenye maduka na watumishi, neno hili ni lenu vilevile. Pili, asiweke yote chombo kimoja. Tatu, feza ya likelemba ikimfikia, iende moja kwa moja katika kitu kinachobaki: kiwanja chenye karatasi halali, bati, mbuzi. Tunakumbuka mwaka 2003 na 2004, wakati watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi kwa malipo ya mara moja. Wengi wao baadaye walilia. Feza inayokuja yote siku moja haijui kukaa, ni ile inayokuja kidogo kidogo ndiyo inayofundisha mwenyewe. Nne, asiamini mtu yeyote anayeahidi kuzalisha feza mara mbili kwa mwezi, hata akisema kwa jina la Mungu.

Juu ya sadaka, aliniuliza kama aiache mpaka deni liishe. Nilimwambia atoe kutoka kilicho chake, kidogo ao kingi, kwa furaha. Lakini feza aliyoahidi kumpa Mama mdogo siku ya juma nne, asiilete kanisani siku ya yenga kusudi aonekane. Mungu hapokei sadaka iliyotolewa mfukoni mwa mjane.

Wapendwa vijana, sikuandika haya kama mtu mwenye hekima. Niliandika kama mtu aliyelipa deni lake kwa hesabu sawasawa, akamwibia mzee. Lipeni mbio, na lipeni uzito, si namba tu: kama mtu alikupa samani ya baiskeli, mrudishie baiskeli. Anzeni na mkali anayewanyonya, lakini msipite mlango wa mpole mikono mitupu. Na kila mwezi, hata mwezi mgumu, acheni mafuta kidogo ndani ya chupa.

Kijana yule alinipita juzi mlangoni. Alikuwa anatoka kwa Mama mdogo. Sikumuuliza neno, niliona tu kwamba alikuwa amebeba unga kidogo ndani ya mfuko, zawadi ya mama kwa mjukuu.

Bwana awape nguvu za kulipa na akili ya kutunza. Amina.